Diski ya Watu wa Orlane

Jumatatu asubuhi Mzee Léonce alivaa koti lake jeusi la kazini, ingawa kazi yenyewe alishastaafu, akapanda teksi kutoka mtaa wa Ngagara hadi ule wa Kinindo kwenda kuonyesha kitu ambacho hakikuwepo. Hakujua kuwa hakipo. Alikuwa amekibeba mfukoni, upande wa moyo, ndani ya bahasha mbili, na kila teksi ilipoingia shimoni alikishika kwa mkono kama mwenye kiungulia.

Kitu chenyewe kilikuwa diski. Ndani yake, kwa imani ya Mzee Léonce, zilikuwamo picha arobaini na moja za ukoo, zikipita moja baada ya nyingine na kukaa sekunde tano tano. Alikuwa ameichoma mwenyewe, yaani kuinakilia picha, kwenye kompyuta aliyoinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha virago. Hakumwuliza mtu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtu wa itifaki wizarani, yule anayejua nani aketi wapi na nani atajwe kabla ya nani, na mtu wa namna hiyo huulizwa, haulizi. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini wahenga hawakufanya kazi wizarani.

Mwenye kuisafirisha diski alikuwa Joëlla, mwuguzi waliyesali naye parokia moja kabla hajahamia Kinindo. Alikuwa na tiketi ya ndege ya Alhamisi mchana kwenda Ubelgiji. Jumamosi, huko Liège, Orlane angeolewa, na Orlane ndiye mtoto pekee wa Léonce na mkewe Nsimire. Wazazi waliomba viza mara mbili, na mara mbili wakajibiwa kwa barua fupi yenye heshima nyingi. Basi wakaamua picha ziende badala yao, zionyeshwe ukumbini mbele ya wakwe.

Zisingekuwa picha za mapambo tu. Mama mkwe mtarajiwa, Mrundi mwenzetu wa ukoo mkubwa aliyeishi Ulaya miaka mingi, alikuwa ametamka mbele ya watu: "Musichana muzuri, lakini hana watu." Orlane aliyasimulia maneno hayo kwenye simu huku akicheka. Nsimire akacheka naye, na simu ilipokatika akaenda jikoni akakaa huko mpaka maharage yakaungua. Kwetu mtu akikwambia huna pesa, huenda anakutania. Akikwambia huna watu, amekuvua nguo sokoni. Mzee Léonce alikuwa ameapa kwamba Jumamosi mama yule atawaona watu wa Orlane mpaka achoke.

Joëlla akaingiza diski kwenye kompyuta yake. Kwenye kioo vikatokea vijipicha vyeupe arobaini na kimoja, hesabu kamili, kila kimoja na kishale kidogo kilichojipinda kwenye kona. Akabonyeza cha kwanza. Kompyuta ikajibu kwa Kifaransa safi kwamba haioni kitu. Akabonyeza cha pili. Haioni kitu.

"Ordinateur yako iko na wivu," Mzee Léonce akasema, akiinyoshea kompyuta kidole.

"Inawezekana, Papa Léonce," Joëlla akajibu kwa upole, maana alilelewa vizuri. "Lakini Alhamisi saa ine mi natoka hapa. Saa saba ndege inaruka. Tafuta mutu anayejua."

Mtu anayejua alikuwa Khadidja wa Buyenzi. Alikuwa na kijiduka chake cha kupiga chapa barua, kutoa fotokopi na kuchoma diski, kwenye kibaraza cha nyumba ya mama yake, Fatouma mshonaji. Mzee Léonce alimjua Khadidja tangu akiwa binti, na hakupenda sana kumwendea kwa shida, kwa sababu Khadidja alikuwa na kicheko cha kusikika barabara mbili. Siku hiyo kilisikika tatu. Aliifungua diski, akaviona vile vishale, akaegemea ukuta akicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Baba Orlane, hii diski iko muzima kabisa. We njo umeituma bila watu," akasema, na "njo" ya mjini kwetu ni "ndiyo" ya vitabuni.

"Watu wako ndani! Mi niliwaona nyumbani, wote wanapita."

"Bien sûr, kweli uliwaona. Nyumbani njo wanaishi." Akamgeuzia kioo. "Unaona hivi vishale? Ni raccourci, njia tu ya kufika kwenye picha. Ni sawa umeandika adresi za watu kwenye karatasi, halafu ukatuma karatasi kwenye harusi. Kwako mashini inasoma adresi, inawakuta mu nyumba. Kinindo inasoma adresi, haikute mutu."

Mzee Léonce akapima ukubwa wa aibu. "Kwa hiyo nilibeba karatasi mpaka Kinindo."

"Na koti juu," Khadidja akasema.

Jioni alimlalamikia mkewe kwamba yule binti hana adabu. Nsimire alizaliwa Bukavu, na hazungushi maneno. "Muzee, usitukane wakunga na uzazi ungalipo," akamwambia. "Kesho anakuja, na we utamusalimia na mikono mbili."

Khadidja akaja Jumanne asubuhi. Alipoingia sebuleni alisimama kidogo mlangoni, maana sebule ya Nsimire ilikuwa ya kumsimamisha mtu. Kila chenye mwili mle ndani kilikuwa kimevishwa kitambaa cha kufuma: redio, televisheni, thamosi, migongo ya viti, hata simu ya mezani ambayo laini yake ilikatwa siku nyingi. Na kompyuta, kwa kuwa ndiyo mgeni wa heshima, ilikuwa imeshonewa vazi kamili, la nyuzi nzito za rangi ya maziwa, lenye pindo la vishada na kamba nne za kufungia nyuma. Mbele palikuwa pameachwa upenyo mmoja tu wa kutia diski.

"Mama Orlane, mashini inaenda komunyo?" Khadidja akauliza.

"Vumbi ya Ngagara unaijua," Nsimire akajibu, na hakuona cha kuchekesha.

Safari hii walizinakili picha zenyewe, wala si anwani zao, wakaipa kila moja namba yake kwenye orodha ya Mzee, na Khadidja akaanza kuchoma. Asilimia ishirini, hamsini, sabini. Ilipofika themanini na mbili kompyuta ikaganda, diski ikatemwa. Imeharibika. Mzee Léonce akasema hapo hapo kwamba diski zenyewe ni feki. Khadidja akatia nyingine. Ikafika sabini na tisa, ikagoma. Ya tatu haikufika hata sabini. Mzee akaanza hotuba kuhusu bidhaa za siku hizi, lakini Khadidja hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amepitisha mkono nyuma ya kompyuta, chini ya lile vazi, na akautoa haraka.

"Yoo! Hii mashini iko na homa. Gusa hapa."

Mzee Léonce akagusa. Akaguna.

"Hapa nyuma njo inapumulia," Khadidja akasema. "Kuchoma diski ni kazi, inapata moto, inataka kutoa ile moto. Mama Orlane ameifunga pua."

"Mi nilifunika vumbi," Nsimire akasema.

"Umefunika vumbi na pumzi yote, mama yangu."

Ilichukua dakika kumi nzima kumshawishi Nsimire. Alifungua kamba moja moja kama anayemvua mtoto nguo penye baridi, na akapata ahadi kwamba kile kitambaa cha juu ya kioo kitabaki, maana kioo hakipumui. Mumewe, ambaye siku vazi lile lilipokamilika aliwaita majirani waje kulitazama, alidai sasa kwamba tangu mwanzo alikuwa na mashaka nalo. Nsimire akalikunja vazi lake. Wakaiacha kompyuta ipoe, wakanywa chai, na diski ya nne ikafika asilimia mia bila kukohoa.

Wakakaa watatu kutazama. Picha ya kwanza ikatokea: marehemu baba yake Mzee Léonce, kwenye kiti, na fimbo. Mzee akajiweka sawa. Ya pili ilipaswa kuwa kaka yake mkubwa, Sylvère, kwa mujibu wa orodha aliyoiandika kwa mkono na kuipigia mstari kwa rula. Akatokea ng'ombe.

"Ng'ombe ni namba kumi!" Mzee akafoka. Baada ya ng'ombe ikaja namba kumi na moja, kumi na mbili, mpaka kumi na tisa, na ndipo Sylvère akatokea, nyuma ya shangazi, wajomba na kisima cha parokia. "Sylvère akiona hii, hatakanyaga hapa tena."

"Mashini haijui protocole, ile itifaki yako," Khadidja akasema. "Inaangalia tarakimu ya kwanza tu. Moja na kumi zinaanza sawa, basi inaziweka pamoja. Tukiandika sifuri mbele, sifuri moja, sifuri mbili, kila mutu atarudi kwenye kiti chake." Akamtazama kwa jicho la upande. "Lakini kweli, Baba Orlane, ng'ombe kufuata babu, hiyo ni heshima."

Nsimire akacheka mpaka akashika meza. Mzee mwenyewe karibu acheke, akajizuia kwa sababu ya cheo. Picha zikaendelea. Nyingi zilikuwa za wizarani: karamu, mapokezi, utepe unakatwa. Mzee Léonce alikuwamo karibu katika zote, lakini alikuwamo kama watu wa itifaki wanavyokuwamo, yaani sikio lake nyuma ya bega la mkubwa, au mkono wake ukivuta kiti. Zikaisha arobaini na moja. Kioo kikawa cheusi.

"Na bibi arusi?" Khadidja akauliza.

Mzee Léonce akaifungua tena orodha yake.

"Nauliza tu. Nimeona babu, nimeona ng'ombe, nimeona sikio yako mara makumi mbili. Orlane yuko wapi?"

Hakuwepo. Mzee Léonce aliijua picha moja moja, alizipanga usiku na mchana kwa cheo na umri, na hakuwa ameliona hilo. Mwaka wa tisini na tano, vita vilipoingia mjini na wao wakakimbia Ngagara kwenda kwa ndugu za Nsimire huko Uvira, nyumba ilivunjwa na kabati likabebwa pamoja na albamu zote. Zilizosalia ni picha za kazini, kwa sababu zilikuwa ofisini kwenye mtoto wa meza, na chache za ukoo zilizoletwa baadaye na Sylvère. Walikuwa wamerudi, wakatafuta meza, wakatafuta vitanda, na picha za mtoto zikawa jambo ambalo hakuna aliyetaka kulitaja kwa sauti. Sasa limetajwa. Nsimire aliinamisha kichwa na kuanza kulia taratibu, na Mzee Léonce akaona kwamba alikuwa karibu kumpelekea mama mkwe ushahidi wa jambo lile lile alilolisema.

Khadidja aliacha utani. "Mama Orlane, sikia. Kwenu picha haziko. Lakini mutoto alibatizwa, alikula komunyo, alicheza mu ndoa za watu. Fotografe alitoa kopi. Hizo kopi ziko mu album ya nani?"

Ni kweli. Mjini kwetu picha haina mwenyewe mmoja. Sherehe ikiisha, mpiga picha huzunguka na mkoba wake, na kila aliyetokea, hata kwa kiwiko, hununua yake na kuibandika kwenye albamu ya kuwapa wageni waitazame wakati chai inachemka. Orlane alikuwa amekaa miaka yote hiyo kwenye sebule za watu. Nsimire akafuta macho, akavaa kitenge chake kizuri, akatoka siku ile ile.

Alizunguka Ngagara mtaa kwa mtaa, akavuka hadi Buyenzi, akafika mpaka Buterere kwenye matope ya mpunga kwa mama mmoja aliyewahi kumwuzia mchele. Kila nyumba alipewa albamu, chai, na lawama za kupotea. Jumatano mchana akatua kwa Khadidja na picha thelathini ndani ya mfuko wa plastiki, nyingine zimeng'olewa na gundi yake na kipande cha karatasi. Kulikuwa na Orlane mwenye miaka minne akilia kwenye ndoa ya watu. Kulikuwa na Orlane na meno mawili. Twalibu, fundi baiskeli wa barabara ya kumi na nne, alitoa yake: yeye na kofia yake ya kufuma, ameshika usukani, na Orlane kwenye karia na mkoba wa shule. Na Fatouma, mama yake Khadidja, alitoa moja aliyokuwa ameiweka ndani ya Msahafu.

Hiyo ya Fatouma ina kisa chake. Mwaka ule wa tisini na tano Orlane alikuwa na miaka kumi na mitatu, na asubuhi moja alikwenda Buyenzi kupima gauni la kipaimara, maana Fatouma, Mwislamu wa swala tano, ndiye aliyeshonea nusu ya Wakatoliki wa mji. Aliingia ndani ya gauni, na kabla hajatoka njia zikafungwa. Wazazi upande huu, mtoto upande ule. Alikaa kwa Fatouma miezi saba, akilala kitanda kimoja na Khadidja, na Twalibu akimpeleka shule kwa baiskeli kwa kupitia vichochoro alivyovijua yeye. Waliporudi kutoka Uvira, Mzee Léonce alikwenda kushukuru. Alipeleka kreti mbili za fanta na hotuba, akahesabu kwamba jambo limekwisha.

Mchana ule wa Jumatano, picha alizozileta Nsimire zilipokwisha kuingizwa kompyutani kwa skana, Mzee Léonce alikaa kwenye kibaraza cha Khadidja na orodha yake mpya, picha arobaini na saba baada ya kupunguza masikio, akimtajia Khadidja maandishi ya kuwekwa chini ya kila picha ili wakwe wajue nani ni nani. Baba mkubwa. Shangazi, upande wa mama. Jirani. Jirani wa zamani. Ndugu kwanza, wengine baadaye, kila mtu na daraja lake.

"Namba makumi tatu," akasema. "Twalibu. Fundi wa baiskeli."

Khadidja akapiga chapa chini ya picha ya thelathini.

"Namba kumi na tisa, ile tuliruka. Fatouma." Mzee akasita. Si ndugu. Si mkwe. Jirani hakuwa, maana Buyenzi si Ngagara, na yeye alikuwa mtu wa kutumia neno sahihi. "Andika: mtu anayefahamika na familia."

Vidole vya Khadidja vikasimama juu ya herufi. Nyuma ya pazia cherehani ya Fatouma ilikuwa ikikimbia bila kujua.

"Niandike vile vile?" Khadidja akauliza.

"Vile vile."

Akaandika. Halafu akasema, bila kuinua kichwa na bila kicheko, "Na we pia, Baba Orlane, hapa Buyenzi tunakufahamu."

Mzee Léonce alisikia neno lile likimwingia mahali, lakini saa za kurudi nyumbani zilikuwa zimekaribia, na kwa amri ya serikali, jua likizama hakuna aliyepaswa kuwa barabarani. Akakunja orodha yake akaondoka.

Alhamisi saa mbili asubuhi diski ilichomwa. Ilipokuwa tayari, kibaraza kilikuwa kimejaa. Wote waliotoa picha walikuja, wengine kutoka Ngagara kwa miguu, kwa kisingizio cha kuchukua picha zao, ila hakuna aliyezichukua. Walitaka kuona kama kweli wamo. Fatouma aliletewa kigoda, akakaa mbele na tepu yake ya kupimia shingoni. Khadidja akaitia diski kwenye kompyuta yake nyingine, si ile aliyoichomea. "Yule wa vishale ametufundisha kitu," akasema, na watu wakacheka bila kujua wanamcheka nani.

Baba yake Mzee Léonce akatokea, wa kwanza. Sylvère, wa pili. Ng'ombe akasubiri zamu yake kama muungwana. Mzee Léonce akavuta pumzi ndefu, kisha akaikata katikati.

"Maandishi iko wapi?"

Chini ya picha hapakuwa na kitu. Khadidja akabonyeza hapa, akabonyeza pale. "Ile programu inaonyesha maandishi ukiwa ndani yake," akasema mwishowe. "Kwenye diski ya harusi imeyaacha. Hiyo mi sikuijua, Baba Orlane. Kuyaandika juu ya picha zenyewe, moja moja, nataka saa mbili."

Ilikuwa saa nne kasoro robo. Joëlla angepita saa nne na robo akielekea uwanja wa ndege.

"Hawatajua nani ni nani!" Mzee akalia. "Watu bila majina ni watu gani?"

"Ni sisi," Fatouma akasema kutoka kwenye kigoda. "Kaa chini, unatuzibia."

Akakaa. Orlane akaanza kupita: amebatizwa, amelia, ana meno mawili. Kila alipotokea watu walipiga kelele, na mama wa mchele kutoka Buterere akapiga vigelegele utadhani bibi arusi anaingia uani. Nsimire alikuwa akicheka na kulia pamoja. Namba kumi na tisa ikafika. Orlane wa miaka kumi na mitatu amesimama ndani ya gauni jeupe ambalo pindo lake halijashonwa, na miguuni pake Fatouma amepiga magoti, pini nne mdomoni, akimtazama usoni badala ya kutazama pindo. Ilipigwa siku ile ile njia zilipofungwa. Mtu yeyote angeweza kuona mtoto ana hofu, na mama yule anamwambia kwa macho asiogope.

Mzee Léonce akaona aibu. Hakuona aibu ya Kinindo, ile ya koti, bali aibu ya mwenye deni. Aliangalia pale chini ya picha ambapo maneno yake yangekuwa, akashukuru Mungu kimoyomoyo kwamba mashine imekosea.

Kwenye namba ishirini na tatu umeme ukakatika.

Watu waliguna kwa pamoja, hasa ambao zamu zao zilikuwa hazijafika. Na kama iliyopangwa, honi ikalia nje: Joëlla, mapema, na masanduku juu ya gari. Diski ilikuwa tumboni mwa kompyuta na kompyuta imezimika. Mzee Léonce akapiga magoti na koti lake, akaanza kuivuta kwa kucha ile sahani inayobeba diski.

"Toa kucha, Baba Orlane, utaivunja! Iko katundu hapa chini, kadogo. Munipe kitu chembamba."

Vikaja vitu vyote vya Buyenzi isipokuwa chembamba. Kalamu. Kijiti cha meno, kikavunjika. Twalibu alikimbia akarudi na spoku ya baiskeli, na akaapa kwamba ni nyembamba kuliko zote mjini. Haikuingia. Joëlla akapiga honi tena. Fatouma akainuka polepole kutoka kwenye kigoda, akachomoa pini kifuani kwenye gauni lake, akamkabidhi binti yake. "Mulikuwa munahangaika nini?" akauliza. Pini ikaingia, kitu kikalia tiki, na sahani ikatoka kama ulimi, diski juu yake.

Mzee Léonce aliitia kwenye bahasha zake mbili akaipeleka garini mwenyewe. Aliporudi Twalibu alikuwa anamsubiri, kofia mkononi.

"Muzee, mi sikujiona. Umeme ulinikata."

"Uko ndani."

"Uliniona?"

"Sikukuona," Mzee Léonce akakiri. "Lakini uko ndani."

Jumamosi ilipita bila habari. Nsimire alipika kama mwenye harusi na hakula. Mumewe alishinda akijiambia mambo yote yanayoweza kuipata diski moja ndani ya ndege. Jumapili, baada ya misa, simu ya mkononi ikalia, na wakaisikiliza wote wawili, sikio lake upande huu na la mkewe upande ule.

"Diski ilitembea, Papa! Mpaka mwisho! Lakini maandishi haikuwepo."

"Najua, mwanangu. Unisamehe."

"Mama mukwe alikaa mbele, amefunga mikono. Babu anapita, baba mukubwa Sylvère anapita, yeye anatikisa kichwa tu. Halafu watu wakaanza kuuliza, huyu nani, huyu nani? Nikaona apana. Nikasimama na gauni yangu yote, nikashika mikro, nikaanza kuwataja mumoja mumoja. Mama Fatouma alipotokea sikuweza. Nililia. Nikasema tu, huyu ni mama yangu wa Buyenzi. Bwana yangu Loïc akanishika mukono, tukaendelea. Kwenye makumi ine na kitu mama mukwe akaniita. Akasema, 'Basi mwanangu, inatosha, nimesikia. Hawa wote wakija kutembea, nitawalaza wapi?'"

Nsimire akapiga kelele ya furaha ndani ya sikio la simu. Mzee Léonce hakuweza kupiga kelele. Machozi yalikuwa yakimshuka hadi kwenye ndevu, na hakuyafuta.

"Papa, uko pale?"

"Niko."

"Kuna kitu kinanisumbua. Ule muzee wa kofia, mwenye baiskeli. Jina lilinitoka kabisa, na watu wote wananiangalia. Nikasema ni baba yangu mudogo." Sauti yake ikashuka. "We njo unajua protocole. Nilisema uongo?"

Mzee Léonce alimtazama mkewe. Nsimire alikuwa anamsubiri na yeye.

"Apana," akasema. "Ni baba yako mudogo. Anaitwa Twalibu."